Mzee mwenye saratani anapoacha kula: hali chakula kwa sababu anaumwa

Shangazi alifika Jumamosi mchana kutoka Dar, na mfuko wa machungwa mkononi, kopo la unga wa lishe na chupa mbili za juisi. Alipomwona baba yake kitandani alisimama mlangoni kimya kwa muda. Halafu akaenda jikoni kwa mama yangu. "Wifi, mbona baba amekonda hivi? Mnampa nini humu ndani?"

Mama hakujibu. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kupika mtori, akauchuja mara mbili ili usimkwame. Babu alimeza vijiko viwili, akageuzia uso ukutani.

Swali la shangazi nimelisikia tena na tena tangu siku ile, katika nyumba za watu wengine, kwa maneno yale yale. Kwetu kumpa mtu chakula ni kumwambia unampenda. Mgonjwa akila tunasema ana nafuu, akiacha tunaanza kuogopa, na hofu ikikosa pa kwenda inageuka lawama. Anayepika anaonekana mzembe. Mgonjwa anaitwa mkaidi: "amekataa kula." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ushauri unamiminika: atundikiwe dripu, anyimwe sukari, achemshiwe majani ya mstafeli. Makala hii ni ya yule anayeshika kijiko.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Saratani na kansa ni kitu kimoja. Ikisemwa "imefika mbali" au "hatua ya nne", maana yake imetoka ilikoanzia na kuota kwingine, kama kwenye ini, mapafu au mifupa. Kuna dawa na mionzi ya kuipunguza kasi na kupunguza mateso, lakini kwa saratani nyingi zilizofika hapo kuponya kabisa hakuwezekani tena.

Tiba shufaa ni tiba inayoshughulikia maumivu, kichefuchefu, pumzi, hofu na mambo ya familia. Watu wengi wakiisikia hudhani daktari amekata tamaa. Sivyo. Inaweza kuanza siku ugonjwa unapogundulika, ikaenda sambamba na matibabu mengine.

La tatu ni kakeksia, neno la Kigiriki cha kale. Maana yake ni "hali mbaya", basi. Ni ule ukondefu wa saratani ambao kila mtu mzima ameuona: mashavu yanaingia ndani, mabega yanachongoka, pete inavuka kidoleni. Ndiyo inayotusumbua hapa.

Kumbuka ulivyoumwa malaria

Karibu kila anayesoma hapa amewahi kuumwa malaria. Kinywa kichungu, harufu ya mboga ikiungwa jikoni inakutapisha, ugali unaoupenda unauona kama udongo. Hakuna aliyekwambia umekuwa mkaidi. Kinga ya mwili ilikuwa vitani, ikatoa kemikali za kupiga king'ora, na kemikali hizo zilipofika kwenye ubongo zikazima hamu ya kula. Siku ya tatu dawa ikafanya kazi, king'ora kikanyamaza, ukaomba chai na chapati.

Saratani inapiga king'ora cha aina hiyo hiyo, ila hakinyamazi. Kinalia mwezi hadi mwezi. Mwaka 1985 watafiti waliokuwa wakichunguza kwa nini wanyama wagonjwa hukonda waligundua kuwa kemikali waliyokuwa wameipa jina la kakektini, kutokana na neno hilo hilo kakeksia, ni moja na ile ya kinga iliyokuwa ikijulikana kwa uwezo wake wa kuua uvimbe. Leo tunajua zipo kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Mzee anaposema "sina hamu", anaeleza kwa usahihi kabisa kinachotokea kichwani mwake.

Upande wa pili ni mgumu zaidi kuukubali. Mtu mwenye njaa ya kawaida, tuseme mwaka wa ukame, mwili wake hubana matumizi: hupunguza moto, hula akiba ya mafuta kwanza na kuilinda misuli. Akipata chakula anarudi. Kwenye kakeksia mwili haubani. Fikiria nyumba ambayo jiko haliwezi kuzimwa usiku wala mchana. Kuni zikiisha uani watu wanang'oa milango, halafu viti, halafu kenchi za paa. Ukileta mzigo wa kuni unasaidia kidogo, lakini paa linaendelea kung'olewa, kwa sababu mwili umekwisha kupokea amri ya kuvunja misuli. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kumaliza sahani wiki nzima na bado mizani ikashuka. Na mzee huanza safari hii misuli yake ikiwa imeshapungua kwa umri.

Haumwi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anaumwa. Ningeweza ningeuandika mstari huu kwenye ukuta wa kila wodi, mahali ambapo shangazi wa kila familia atauona kabla hajaingia.

Lakini usiuchukue ukaacha kupika. Kakeksia ina ngazi. Wataalamu waliokubaliana kuhusu maana yake mwaka 2011 walisema inaanza kutambuliwa mtu anapopoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Kwa mzee wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu, kiasi ambacho shati linaweza kukificha. Katika ngazi hizo za mwanzo lishe nzuri inamwongezea nguvu, inamsaidia kuhimili dawa. Wiki za mwisho kabisa ndipo chakula hakibadilishi tena mwendo wa ugonjwa. Kazi ya familia ni kujua ipo ngazi gani, na anayeweza kukuambia ni daktari au muuguzi anayemwona.

Si kila kutokula ni kakeksia

Hapa ndipo ninapotaka uchukue tochi, kwa maana yenyewe kabisa, umwambie mzee afungue kinywa.

Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi na ndani ya mashavu ni fangasi. Huwapata sana wagonjwa waliodhoofika na wanaotumia dawa za kundi la steroidi, na hufanya kila tonge liume au lisiwe na ladha. Dawa yake ni rahisi, na mtu anaweza kurudi kula ndani ya siku chache. Angalia vidonda. Angalia meno ya bandia: mtu akikonda na ufizi unapungua, meno yanacheza na kumchubua, naye kwa adabu ya wazee haongei.

Uliza choo. Najua ni aibu kumuuliza baba mkwe au bibi habari hizi, basi mwenye ruhusa katika familia aulize. Mtu ambaye hajapata choo siku tano tumbo limejaa; chakula kitaingia wapi? Dawa za maumivu za jamii ya mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hiyo aliyeandikiwa mofini anatakiwa apewe na dawa ya kulainisha choo siku ile ile.

Hilo lisikufanye uiogope mofini. Maumivu yenyewe yanaua hamu ya kula, na mgonjwa ambaye hajalala usiku kucha hawezi kushika kikombe asubuhi. Uganda walionyesha njia: tangu mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda, mofini ya maji ya kunywa imekuwa ikitengenezwa huko huko na kutolewa kwa wagonjwa majumbani. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi humfanya mgonjwa akae, aongee, na mara nyingine aombe uji.

Kuna kichefuchefu, ambacho kina dawa. Kuna tumbo linalojaa baada ya vijiko vitatu kwa sababu limepoteza mwendo wake wa kusukuma chakula, na hilo nalo lina dawa. Kuna huzuni. Mzee aliyeambiwa ana saratani, au aliyefichwa huku akisikia minong'ono sebuleni, anaweza kuacha kula kwa sababu moyo umeanguka.

Na kuna njia iliyoziba. Babu alikuwa na saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni, nayo ni miongoni mwa saratani zinazotuandama sana katika ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Dalili yake inakuja kwa mpangilio: kwanza nyama inakwama, halafu ugali, halafu hata uji, mwishowe mate. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na njaa kali na akashindwa kumeza. Tatizo lake la kwanza ni mlango uliofungwa, na mlango unaweza kufunguliwa: kwa mionzi, au kwa kuwekewa kimrija cha wavu wa chuma kinachotanua umio. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wengine huwekewa mrija wa kulishia moja kwa moja tumboni. Kwa mtu ambaye koo limefunga lakini mwili wake bado una nguvu, mrija huo unaweza kuwa wa maana sana. Kwa mtu ambaye moto wa ndani umeshakula kenchi zote, kupitisha chakula kwa mrija hakutazuia kukonda, na kunaweza kumletea maambukizi, kuharisha na kukohoa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani wa mwaka 2020 unashauri hivyo hivyo: kulisha kwa mrija au kwa mshipa kusiwe jambo la kawaida kwa kila mgonjwa wa saratani iliyofika mbali aliyekonda.

Kwa hiyo kabla hamjakubali kwamba "ni ugonjwa tu", mwombeni daktari apitie hayo yote moja moja. Yapo yanayotibika kwa vidonge vya bei ndogo.

Kikombe kidogo kilichojaa

Sahani kubwa inamshinda mgonjwa kabla hajaonja. Anaiona, anakadiria safari, anachoka. Tumia kisosi au kikombe cha kahawa. Mpe kila baada ya saa mbili hivi, na kama hamu yake huwa asubuhi, basi mlo mkuu uwe asubuhi. Akiomba wali saa tisa usiku, pika wali saa tisa usiku.

Kosa letu kubwa ni uji mwepesi. Tunauzimua ili umezeke, tunampa bakuli zima, tumbo linajaa maji na mzee anasema ameshiba. Njia nzuri ya kulitatua jambo hili iko kwenye vihenge vyetu: kimea, ulezi ule ule ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa, ambao kwetu Kilimanjaro unatumika kwenye mbege. Pika uji mzito kabisa, uache upoe hadi uvuguvugu, tia kijiko cha unga wa kimea ukoroge. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa unasimama na mwiko unakuwa wa kunyweka, kwa sababu kimea kinaikata wanga vipande vidogo. Rudisha jikoni uchemke, umpe ukiwa wa moto kiasi. Unga wote aliohitaji upo ndani ya kikombe kile, bila debe la maji.

Halafu ongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, sawa na karibu glasi ya maziwa. Siagi ya karanga, tui zito, krimu ya maziwa, yai lililokorogewa ndani ya supu inayochemka, parachichi lililopondwa kwenye mtori: hivi ndivyo vinavyofanya vijiko vitano viwe na maana.

Harufu ya chakula cha moto huwachukiza wengi, ndiyo maana mtindi wa baridi, embe lililopondwa au uji uliopoa unaweza kupita pale supu iliposhindikana. Mpikie mbali na chumba chake. Wanaolalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, hasa baada ya dawa za saratani, jaribu kijiko cha plastiki na ndimu kidogo. Kama ana vidonda mdomoni acha ndimu na ukwaju, vitamchoma. Mkalishe wima anapokula, abaki hivyo nusu saa baadaye. Na mtoe chumbani kama inawezekana, akae na wengine. Babu alikula mara mbili zaidi alipowekwa chini ya mgomba, wajukuu wakigombania parachichi pembeni yake.

Lugha nayo ina uzito. "Jitahidi babu, umalizie hii" ni deni. "Babu, onja tu, ukichoka niambie" ni karamu. Kumshikilia mgonjwa na kumpenyezea uji akiwa hataki, au akiwa nusu usingizini, ni hatari ya kweli: chakula kinaingia njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu.

Dawa za kuamsha hamu zipo, ila zisinunuliwe kwa kubahatisha dukani. Steroidi kama deksamethasoni huamsha hamu kwa wiki chache, kisha faida inafifia huku zikidhoofisha misuli na kupandisha sukari. Megestroli huongeza uzito kwa baadhi ya watu, lakini inaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Mwaka 2023 watafiti wa India walionyesha kuwa dozi ndogo ya olanzapini, dawa ya siku nyingi ya magonjwa ya akili, iliwarudishia hamu na uzito wagonjwa wengi waliokuwa wakipata dawa za saratani. Inaweza kumlevya mtu usingizi, na mzee akaanguka, hivyo mwamuzi awe daktari.

Dripu, sukari na majani

Ile chupa ya dripu ambayo familia nyingi huikopea pesa ili mgonjwa "apate nguvu", tuifungue tuone. Chupa ya nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, kama vijiko sita vya chai. Kikombe kimoja cha uji wa maziwa wenye siagi ya karanga kinaizidi kwa mbali. Dripu ina kazi yake: mtu aliyetapika au kuharisha akapungukiwa maji, au anayengoja umio ufunguliwe. Kama chakula, haitoshi kabisa. Kwa mgonjwa aliye mwishoni, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwagawa wagonjwa 129, wengine wakapewa lita nzima ya maji kwa siku kupitia sindano na wengine mililita 100 tu, na dalili zao hazikutofautiana. Mwili ambao figo na moyo vimechoka unaweza kuyapeleka maji hayo miguuni na kwenye mapafu.

Kwamba sukari inalisha saratani, hivyo mgonjwa anyimwe, ni nusu ya ukweli iliyozaa uongo mzima. Seli za saratani hutumia glukosi nyingi, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliliona hilo karibu miaka 100 iliyopita. Lakini ubongo na moyo navyo vinaitumia, na ukimnyima mzee sukari mwili utaitengeneza wenyewe kwa kuvunja misuli yake. Mgonjwa aliyekonda ambaye anachokitamani ni chai ya maziwa yenye sukari, mpe chai yake. Kama ana kisukari, muulize daktari mipaka. Mara nyingi katika hali hii mipaka hulegezwa.

Mstafeli kama tunda hauna ubaya akiupenda. Majani yake hayajathibitishwa kuponya saratani ya binadamu, na kikombe cha dawa chungu kinachukua nafasi ya kikombe cha uji katika tumbo lisilo na nafasi.

Anapokaribia mwisho

Inafika wakati mzee analala muda mwingi wa siku, anaongea kidogo, maji yanamwagika pembeni mwa mdomo. Mwili unafunga maduka yake moja moja. Wagonjwa wengi katika siku hizi wakiulizwa husema hawasikii njaa; kinachowasumbua ni ukavu wa kinywa. Hapo kazi ya kijiko inageuka kuwa kazi ya pamba. Chovya pamba safi kwenye maji, mpitishie midomoni na kwenye ulimi kila baada ya muda, umpake mafuta ya mgando. Waislamu wa pwani wamekuwa wakifanya hivi vizazi na vizazi, kumlowanisha anayeaga kwa matone ya maji, ya zamzam yakipatikana, na wauguzi wa tiba shufaa wanafundisha jambo lile lile.

Siku hizo unayemlisha anahitaji mikono yako zaidi ya chakula chako. Msugue miguu. Mwinulie mto. Msomee zaburi au kisomo chake, mfungulie redio kwenye idhaa aliyoizoea.

Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani alimweka shangazi kitako, akamweleza haya taratibu, malaria na jiko lisilozimika. Shangazi alilia, kisha akaenda jikoni na kukaa na mama hadi giza likaingia. Hakuuliza tena wanampa nini. Wiki iliyofuata babu aliomba mbege. Muuguzi alisema tone la midomoni halina neno, basi shangazi akashika kikombe, mama akachovya pamba na kumpitishia babu midomoni. Akalamba polepole, macho yamefumba.

"Hii," akasema, "haijaiva."